Unapenda Kula Nini, Zebiniso?

Sanobar, yule jirani asiyejua saa ya kuondoka, alikuwa amekaa kwa Mama Holida tangu mchana, na mdomo wake hauna breki.

"Mimi nakwambia ukweli, shoga. Huyu mkwe wako akifeli tena mtihani, afadhali. Akifaulu atamfuata mwanao Ravshan huko Ujerumani, na wewe utabaki hapa unaongea na kuta."

Mama Holida alichukua birika, na badala ya kummiminia mafunda mawili matatu kama anavyomiminiwa mgeni anayependwa, ili aongezwe na kuongezwa, akakijaza kikombe mpaka ukingoni. Tashkenti nzima inajua maana ya kikombe kilichojaa. Sanobar alikunywa harakaharaka, akaunguza ulimi, akaenda kutafuta viatu vyake.

Jikoni, Zebiniso, yule mkwe, alikuwa amesikia kila neno. Sawa, mgeni amefukuzwa. Lakini mbona mama mkwe hakumkatalia? Mbona hakusema, "Toka hapa, namuombea mkwe wangu afaulu"? Labda naye anaomba afeli. Tangu hapo wazo hilo halikumwacha, akiwa anafagia, akiwa anakanda unga.

Alikuwa ameolewa majira ya kuchipua. Wiki chache tu, Ravshan akarudi kwenye jiko la hoteli alikoajiriwa, mji wa Kassel, na kumfuata kulitaka cheti cha Kijerumani cha wanaoanza. Cha wanaoanza! Watu walisikia wakacheka, wakadhani ni kuhesabu moja mpaka kumi. Zebiniso alihesabu vizuri, akaandika vizuri, na bado mara ya kwanza akaanguka. Kilichomwangusha ni chakula.

Alivuta kadi yenye picha ya sahani, na mtahiniwa mwenzake akamuuliza: "Was essen Sie gern?" Unapenda kula nini? Zebiniso akajibu kama alivyolelewa kujibu: chochote. Kunywa je? Chochote kilichopo. Na nini hupendi? Hapo alinyamaza kabisa. Riziki ya Mungu imewekwa mezani, mwanamke wa watu, tena mkwe, aseme hapendi? Hata usingizini hakuwahi kulisema neno hilo.

"Chochote si jibu!" Mwalimu Dilfuza alimpigia kelele darasani, kalamu nusura imtoke mkononi. "Wewe binti, una ulimi au huna? Unapenda nini?"

"Napenda wanachopenda nyumbani, mwalimu."

"Nyumbani hawafanyi mtihani!"

Darasa zima likaangua kicheko. Zebiniso naye akacheka, kicheko cha kujikaza. Kwa sababu Ravshan naye alikuwa amebadilika. Zamani walikuwa wakiongea mpaka simu inapata moto shavuni. Siku hizi ni, "Umesoma? Haya, soma," na simu inakatwa. Mume anachoka kungoja. Akichoka kabisa je?

Na tusidanganyane, kipo alichokuwa hapendi. Kila Alhamisi, siku ya pilau, Mama Holida alikuwa anachagua kipande kinono kuliko vyote cha shahamu ya mkia wa kondoo, cheupe, kinatetemeka, na kukisukuma upande wa sinia wa Zebiniso. Heshima kubwa hiyo. Zebiniso alibana pumzi, akameza, machozi yakimlenga, kisha akasema, "Mungu aibariki mikono yako, mama." Na Alhamisi ikifuata, kipande kinakuwa kikubwa zaidi.

Siku ya mtihani wa pili ikafika. Akavuta kadi. Sahani tena! Kijana wa mbele yake, mwenye masharubu ya juzijuzi, akauliza lile lile. "Chochote" ikamjia mpaka kwenye ncha ya ulimi. Akaiona safari yote ikimponyoka pale pale, mume, cheti, kila kitu, na kwa hofu hiyo mdomo ukafunguka wenyewe.

"Ich esse nicht gern Fett!" Sipendi kula shahamu. Tena ya kondoo, tena ya huku nyuma, na kwa kuwa neno la mkia hakulijua, akaonyesha kwa mkono. Mtahini akainamisha uso kwenye karatasi zake. Zebiniso hakukoma. Anapenda ukoko wa pilau. Hapendi kahawa. Anapenda chai, ya kijani, jioni, na mama mkwe wake.

Alitoka nje. Amefanya nini! Amemsema mama wa watu mbele ya wageni, kwa Kijerumani! Siku zote za kungoja majibu hakuweza kumtazama Mama Holida machoni.

Majibu yalikuja Alhamisi, sinia la pilau likiwa katikati yao. Simu ikalia, na sauti ya Mwalimu Dilfuza ikasikika chumba kizima: "Umefaulu, binti! Na kwenye kuongea ndiko ulikopata zaidi!"

Mama Holida akaweka mkono kifuani, akashukuru. Kisha akamgeukia. "Kuongea ndiko kulikokuangusha. Safari hii ulisema nini?"

Angeweza kudanganya. Akakitazama kipande cha shahamu kilichokuwa upande wake.

"Nilisema sipendi hiki, mama. Nisamehe."

"Tangu lini hukipendi?"

"Tangu harusi."

Mama Holida alimkazia macho, halafu akapiga paja. "Ala! Mimi ndiye ninayekipenda! Baba yake Ravshan, Mungu amrehemu, alikuwa ananiachia mimi. Nikasema, mtoto wa watu yuko mbali na kwao, mume hayupo, angalau ale kitu kizuri." Akakichukua, akala, akafumba macho kwa raha. "Na nini tena ulisema?"

"Kwamba napenda kunywa chai. Na wewe."

Mama Holida akaacha kutafuna. Zebiniso alikuwa ameshalinyanyua birika, maana kumimina ni kazi ya mkwe, lakini mama akamnyang'anya. Akamimina. Mafunda mawili, matatu, akapita nusu, hakuacha, mpaka chai ikasimama ukingoni.

Zebiniso alishindwa hata kukigusa. "Mama, unanifukuza?"

"Nakufukuza." Macho yalikuwa mekundu. "Yule mbea alisema kweli, nitaongea na kuta. Kunywa uende kwa mumeo, kabla sijakung'ang'ania."

Chai ilikuwa ya moto. Zebiniso akakishika kikombe kwa mikono miwili na kunywa polepole, funda dogo, akipumzika, funda jingine, na Mama Holida akakaa akimngoja, wala hakumharakisha.