Kichuguu cha Ayaa na Gari la Dawa

Mvua ilinyesha mchana, ikakatika ghafla, jua likatoka, na Mama Ayaa akaenda kukaa kwenye kichuguu chake. Alibeba blanketi kuukuu la polisi, chungu, na rozari. Hakuna aliyemwuliza anakwenda wapi. Katika nyumba za askari pale kwenye mteremko wa Mbuya, kila mtu alijua kwamba baada ya mvua ya namna hiyo kumbikumbi huruka, na kila mtu alijua kichuguu ni cha nani.

Ardhi ilikuwa ya serikali. Nyumba pia zilikuwa za serikali, na mabomba, na mparachichi mmoja uliozaa vibaya. Lakini kichuguu kilichokuwa nyuma ya vyoo kilikuwa cha Ayaa. Aliachiwa na mke wa Sajenti Otema mbele ya mashahidi, siku familia ile ilipohamishiwa Kitgum, kama Waacholi wanavyoachiana vichuguu huko nyumbani. Sheria yake ilikuwa fupi. Kila mwaka, kumbikumbi wa kwanza wakitoka, mwenye kichuguu awepo, amshike mmoja, amle, na watu waone. Asipokuwepo, kichuguu hakina mwenyewe, na aliye karibu atakichukua.

Aliye karibu alikuwa Concy, mke wa koplo, jirani wa nyumba ya pili. Kila mwaka alileta kiti cha plastiki na beseni, akakaa hatua chache kutoka kwa Ayaa. Hakuwa na ubaya. Alikuwa anasubiri tu.

"Mgongo unaendeleaje, Mama Okwera?" aliuliza Concy, akimwita Ayaa kwa jina la mwanawe.

"Mgongo ni mzima."

"Na malaria ile ya juzi?"

"Imepona."

"Mungu ni mwema. Hutaki hata kwenda chooni? Kiko hapo hapo. Mimi nitakuangalizia."

"Nimeshakwenda, mwanangu. Asante."

Walizungumza polepole sana, kwa sababu ugomvi wa kelele kwenye kichuguu huwafanya kumbikumbi wabaki chini. Kwa hiyo watu wa pale walikuwa wamezoea kuchukiana kwa sauti ndogo.

Jua lilipoanza kushuka, gari la dawa liliingia getini. Lilikuwa pikapu nyeupe yenye mashine kubwa nyuma na kipaza sauti juu. Mwanamke aliyelifanya lije alikuwa Rukiah, mwenyekiti wa kina mama, Mnubi aliyezaliwa katika kambi na kuolewa katika kambi. Malaria ilikuwa imepita nyumba kwa nyumba tangu Pasaka, na mjukuu wake, Mubaraka, ndiyo kwanza ametoka hospitali, mkono bado una plasta mahali pa dripu. Rukiah alikuwa amekwenda ofisi za jiji mara nyingi hata mlinzi wa pale akaanza kumwita shangazi.

Kipaza sauti kilisema watu wafunike chakula, waingie ndani, wafunge madirisha mpaka moshi uishe. Watu wakafanya hivyo. Wakabaki nje wanawake wawili, mmoja juu ya kichuguu na mwingine juu ya kiti.

Mkuu wa wapulizaji, Onen, Mwacholi naye, alikuja kwa miguu, barakoa ikiwa shingoni.

"Mama, tafadhali ingia nda—"

Aliona blanketi. Aliona chungu. Alivua kofia yake, na bila kuambiwa akashusha sauti.

"Wametoboa?"

"Wametoboa. Mchwa askari wamesimama mlangoni."

"Basi ni leo."

"Ni leo, mwanangu."

Onen alirudi nyuma kwa heshima, akaenda kwenye gari. Dereva wake, Nasif, alikuwa ameegemeza kiwiko dirishani.

"Mbona hujamtoa?"

"Yuko kwenye kichuguu chake."

"Kwani ni kiti cha mfalme?"

"Ndiyo," alisema Onen.

Nasif alisubiri aone kama ni mzaha. Haukuwa mzaha. "Banange," alisema kwa mshangao, akazima injini.

Ndipo Rukiah alipotoka nyumbani kwake, shela imefunika pua, akitembea upesi. Alipofika alisimama karibu na Ayaa na kukasirika kwa mnong'ono.

"Mama Okwera, mimi na wewe tumetoka mbali. Wewe ndiye ulimshika Mubaraka mgongoni siku ile alipokuwa anatetemeka, mpaka tukapata bodaboda. Leo unamzuilia dawa?"

"Simzuilii, Rukiah. Wapulize kesho."

"Kesho wako Kamwokya! Na wakishakwenda Kamwokya, wataturudia lini? Nani atakwenda tena kule ofisini, wewe?"

"Punguza sauti, dada," alinong'ona Concy.

"Wewe nyamaza na beseni lako," alinong'ona Rukiah.

Ayaa alimgeukia Onen, ambaye alikuwa amerudi na kusimama mbali kidogo. "Ukipuliza, hawa wangu watakuwaje?"

"Dawa haichagui, mama. Wanaoruka watakufa, na wakifa hivyo hawaliki. Walio chini hawatajua kitu. Mwakani watatoka kama kawaida."

"Na mimi nikiinuka sasa, kabla hawajatoka?"

Onen aliangalia kofia yake. Alimwangalia Concy. "Hilo unalijua wewe mwenyewe, mama."

Ayaa alilijua. Alitoa rozari na kuomba kimya. Alimwomba Bwana awatoe kumbikumbi sasa hivi, kabla gari halijaondoka na kabla mtoto hajaumwa na mbu mwingine. Concy naye alifumba macho akamwomba Bwana yule yule awafunge chini mpaka mama huyu achoke. Rukiah, ambaye wakati wake wa sala ya Magharibi ulikuwa unakaribia, aliomba dua fupi kwamba yeyote kati yao asikilizwe, mradi iwe haraka.

Nasif hakuomba. Aliona giza linaanza kuingia, akawasha taa za gari.

Kumbikumbi wakatoka. Walitoka kwanza mmoja mmoja, wakitikisa mabawa, kisha kama maji yanayochemka. Ayaa alimshika wa kwanza kwa vidole viwili, akamkata mabawa, akamwinua juu ili aonekane, akamla.

"Mmeona?" aliuliza, na kwa mara ya kwanza siku hiyo alipaza sauti.

"Tumeona!" zikajibu nyuso kwenye madirisha yaliyofungwa.

"Concy, umeona?"

"Nimeona, mama," alisema Concy, na tayari alikuwa amesimama, kwa sababu kumbikumbi hawakuwa wanabaki kwenye kichuguu. Walikuwa wanaelekea kwenye taa za gari. Na wanaokwenda kwenye taa si wa mwenye kichuguu. Ni wa yeyote aliye na beseni.

Concy alikimbia. Nasif alifunga vioo vyake haraka.

Hata hivyo wengi bado walikuwa wanachemka chini ya miguu ya Ayaa. Blanketi lilikuwa pale, chungu kilikuwa pale. Angelifunika shimo sasa, mpaka giza kamili angekuwa na wa kukaanga, wa kukausha, na wa kusaga na simsim. Alikuwa amengoja mwaka mzima.

Onen alikohoa. "Mama, kichuguu ni chako. Hakuna atakayesema vingine. Lakini upepo ukipanda sitaweza kupuliza, na lazima niondoke."

Ayaa alitazama nyumba ya Rukiah. Mubaraka alikuwa amebandika pua kwenye kioo na kuwafuata kumbikumbi kwa macho, mdomo wazi. Alikuwa amekonda, masikio yalionekana makubwa kuliko kichwa.

Ayaa akainuka. Mgongo haukuwa mzima kama alivyosema, na Rukiah ikabidi amshike mkono. Alikunja blanketi. Alibeba chungu kitupu kwa uangalifu, kama chenye kitu.

"Piga dawa yako," alimwambia Onen. "Lakini anzia huko chini. Mwache Concy amalize."

Concy alimaliza kwa dakika chache, kwa kuwa alikuwa na mikono myepesi. Mlango uliokuwa karibu ulikuwa wa Rukiah, hivyo wote watatu wakaingia humo na kufunga madirisha. Mashine ikanguruma. Concy alikaa na beseni mapajani, likiwa linatambaa, bila kumtazama mtu.

"Rukiah," alisema baadaye, "una kikaango?"

"Ninacho."

"Na chumvi?"

"Sasa nyumba gani haina chumvi?"

Walipoiva, Concy alijaza sahani ya kwanza akaipeleka kwa Ayaa kwa mikono miwili, akipiga goti.

"Hawa ni wako, mwanangu," alisema Ayaa. "Walikwenda kwenye taa."

"Najua ni wangu. Ndiyo maana nakupa."

Ayaa aliipokea. Rukiah alisema bismillahi, Concy akafanya ishara ya msalaba, na Mubaraka hakungoja yeyote. Ayaa alikula polepole, mmoja mmoja. Nje moshi mweupe ulipanda mteremko, ukapita kwenye vyoo, ukakifunika kichuguu, na kichuguu kilikuwa chake.