Kigoda Chekundu cha Kushikia Nafasi

Umewahi kumwona mtu mzima amekaa kwenye kigoda katikati ya barabara, jua linamchoma, analinda kipande cha lami? Kama umewahi kwenda ufukweni siku ya Jumapili, huenda ulinipita mimi. Huenda hata ulinipigia honi.

Kazi hiyo nimeifanya tangu mwanangu wa kwanza ananyonya. Mume wangu alikuwa fundi wa kushona viti vya magari. Magari ya watu yaliingia karakanani kwake viti vimechanika, sponji nje, yakatoka yananukia upya. Kwa chakula alikuwa mkarimu, kwa nguo mkarimu, ndugu zangu wakija hakuna aliyeondoka mikono mitupu. Ila kulipia maegesho, hapana. Hapo alikuwa mkono wa birika kwelikweli. Mtaani walimwita Mzee Bure, naye akaitika.

"Nikinunua kitu nikakibeba nyumbani, sawa," alikuwa akisema. "Sasa hewa ya kuegeshea gari nitaibeba kwenye nini?"

Kule ufukweni palikuwa na maegesho ya kulipia, yenye geti na askari wa kukata tiketi. Ukiegesha pale, unafungua mlango unakanyaga mchanga. Kila tukipita, mume wangu alilipungia lile geti mkono kama anayemuaga msafiri. "Kwaherini, wauza hewa!" Watoto nyuma wanaitikia, "Kwaherini!" Gari zima kicheko. Kisha tunakata kona kwenda kutafuta mitaa ya nyuma.

Huko tulikuwa na utaratibu wetu. Huangalii magari, unaangalia watu. Mtu anayeondoka utamjua tu: taulo lililolowa begani, mchanga kwenye ndala, mtoto analia hataki kurudi nyumbani, na funguo tayari ziko mkononi. Unamfuata polepole. Lakini mitaa ile ni ya njia moja na nyembamba, ukishaipita nafasi huwezi kurudi kinyumenyume, magari yamekujaa nyuma. Ni lazima uzunguke mtaa mzima. Hapo ndipo niliposhuka mimi na kigoda changu, nikakaa katikati ya nafasi mpaka gari lizunguke lije.

Kigoda alinitengenezea mwenyewe. Miguu mifupi, na juu amekivisha ngozi nyekundu iliyobaki kwenye kiti cha teksi, mshono wa mara mbili, pembe zimelala vizuri. "Mama watoto, usije ukaungua na lami," aliniambia siku aliponipa. Nilikipenda.

Na kwa kuwa mitaa ya bure haina mlinzi, na kuna siku tulivunjiwa kioo wakabeba mpaka kapu la chakula, wengine wakishuka kuoga mimi nilibaki garini. Sikunung'unika. Nilikuwa na ufumaji wangu. Watoto walirudi wamelowa, wakanibusu shavuni kwa midomo ya chumvi. Bahari niliyoijua ilikuwa hiyo.

Mwaka jana kiharusi kikamkuta karakanani, sindano mkononi. Upande wa kulia ukalala. Maneno hayakumpotea, ila yalichelewa kufika. Anaanza kusema watu wanakula, anamaliza vyombo vimeshaoshwa. Ukimsubiri, anafika. Lakini watu wana haraka zao, wanammalizia. Anataka chumvi, wanampa maji, naye anakunywa tu. Mimi nilikuwa nakaa naye, nasubiri. Daktari hakutuzungusha. Alisema moyo nao umechoka, tusipange mambo ya mbali.

Asubuhi moja, kikombe cha chai mkononi, akaniangalia mimi, akasema, "Bahari." Akapumua. Akavuta tena, "Na..."

Kijana wetu wa kwanza, fundi umeme, alikuwa amepita kutujulia hali. Akadakia, "Na sisi wote, baba! Jumapili hii nakupeleka. Utayakanyaga maji kwa miguu yako mwenyewe."

Mzee akamtazama, akafunga mdomo.

Basi Jumapili ikafika. Mzee nilimnyoa ndevu, nikamvalisha shati lake la mistari. Akakaa mbele na mwanawe. Nyuma tulikaa mkaza mwanangu, mjukuu wetu wa kike ambaye meno ya mbele yameng'oka, na mimi na kigoda changu mapajani. Nilimwona mzee akigeuka kukitazama kile kigoda, akageukia mbele.

Tulipofika kwenye geti la wauza hewa, aliinua mkono wake mzima, wa kushoto, akaunyoosha. Midomo ikaanza kutafuta neno.

Kijana akacheka mpaka akapiga usukani. "Bado anawakumbuka! Kwaherini, wauza hewa!"

"Kwaherini!" mjukuu akaitikia.

Nami nikacheka. Nilifurahi, nisikudanganye. Nilidhani nimemwona mume wangu wa zamani.

Tukazunguka mitaa ya nyuma. Kando ya ukuta wa shule, pamejaa. Nyuma ya duka la rangi, pamejaa, magari yamepanda hadi juu ya njia ya waenda kwa miguu. Tukatokea tena getini. Mzee akainua mkono, na safari hii hakuushusha mpaka geti lilipobaki nyuma yetu.

"Usiwe na wasiwasi, baba," kijana akamwambia. "Silipi. Mimi si mtoto wako?"

Tulipopita tena, mzee alipiga dashibodi kwa kiganja. Pa! Mjukuu akashtuka.

"Babu amekasirika," akasema.

"Mnamchosha jamani," mkaza mwanangu akasema. "Jua limeshakuwa kali. Kwani tukilipa leo tu kuna ubaya gani?"

"Tulipe? Na mzee mwenyewe yumo ndani ya gari? Mama watoto, unataka aondoke kwa hasira?" Kijana alimjibu mkewe kwa mzaha, lakini nilimwona kwenye kioo, macho yamelowa. Alitaka kumpa baba yake Jumapili kamili, kama zile za utotoni, bila kupunguza hata kitu kimoja.

Nafasi tuliiona nyuma ya kiwanda cha mikate. Mama mmoja na wanawe, taulo begani, funguo mkononi. Nikashuka na kigoda, nikakaa. Gari likaenda kuzunguka.

Likachelewa. Huko mbele palikuwa na foleni, nilisikia honi tu. Harufu ya mikate ilikuwa inatoka kwenye dirisha juu yangu, na joto la lami likipanda kwenye magoti. Kijana mmoja wa teksi akasimama mbele yangu, akatoa kichwa.

"Bibi, hiyo nafasi umeirithi?"

"Nimeirithi, mwanangu. Hati ziko kabatini."

"Basi nipangishe hata nusu saa."

"Leo kuna mgonjwa, mwanangu. Anakuja kuona bahari."

"Haya bibi, Mungu amjalie," akasema, akaondoka bila honi.

Gari liliporudi, shati la mzee lilikuwa limelowa jasho mgongoni kote, na uso umekuwa wa majivu. Kijana alikuwa anajisifu. "Umeona, baba? Bure kabisa!"

Lakini kutoka pale mpaka majini kuna mtaa mzima, kisha ngazi, ndipo mchanga. Kijana akamshika huku, mkewe kule, wakamsimamisha. Akaenda hatua chache, akaufikia mlango wa kile kiwanda, magoti yakakataa. Wakamrudisha kitini.

"Nitakubeba mgongoni, baba. Wewe ulinibeba mimi."

Mzee akatikisa kichwa. Alikuwa anahema kama aliyepandisha mlima.

Nikaona mtoto anakaribia kulia na ndoo yake ya plastiki. "Nendeni mkamwogeshe mtoto," nikasema. "Sisi tutalinda gari." Kijana alikwenda huku anageuka nyuma. Hakuna aliyejua kwamba ile ilikuwa mara ya mwisho kwa baba yake kupanda gari akiwa amekaa. Wiki ile hakuimaliza.

Nikahamia mbele, kwenye kiti cha dereva, nikafungua milango upepo upite. Bahari huioni kutoka pale. Kuna ukuta, kuna nyaya za umeme, na ukitulia unaisikia kwa mbali ikivuta na kuachia. Nikamfuta jasho kwa kanga, nikamnywesha maji. Pumzi ikamrudia. Nikatoa ufumaji wangu, kama siku zote.

Akauwekea mkono wake wa kushoto juu, nisiweze kufuma.

"Pale," akasema. "Getini."

"Wauza hewa," nikamwambia nikicheka.

Akafumba macho. Nami nikajua nimemmalizia kama wengine. Nikauweka ufumaji chini, kando ya kigoda, nikaushika ule mkono.

"Sema, baba watoto. Sina pa kwenda. Nakusubiri."

Watu wakatupita na mataulo yao. Mmoja akaniuliza kwa ishara kama tunaondoka, nikamtikisia kichwa. Mwanamke akatoka kiwandani na trei tupu, akaigonga ukutani kukung'uta unga, akaingia. Kidole gumba cha mzee kilikuwa kinapitapita juu ya kidole changu, pale penye sugu ya sindano ya kufumia.

"Nilitaka," akasema, akapumzika. "Nilitaka leo tulipe."

Nikangoja.

"Askari alinde gari."

Nikangoja tena. Chozi lilikuwa limemfika kidevuni, upande ule uliolala, wala hakuwa na habari nalo.

"Na wewe," akasema, "ushuke na mimi."