Goti la Mzee Kalinga

Mzee Kalinga wa Mafinga alikuwa kiziwi, lakini ubishi wake ulibaki mzima. Miaka thelathini ya mashine ya kuranda mbao ilimla masikio yote mawili. Ukitaka kuzungumza naye, ulichukua penseli ya fundi ukaandika kwenye kipande cha ubao. Yeye alijibu kwa mdomo, tena kwa sauti ya mtu anayeita ng'ombe ng'ambo ya bonde.

Mwezi wa tatu lori la magogo lilirudi nyuma uani kwake, yeye ameinama anapima mlango. Watu walipiga kelele mpaka makoo yakawakauka. Eliezeri, fundi jirani, ndiye aliyemvuta kwa ukosi wa shati, tairi limebakiza shubiri moja tu. Habari zikafika Iringa mjini, Kihesa, kwa bintiye Anjela. Akaja, akalia, akaandika ubaoni: "Baba, Jumamosi ya mwisho ya mwezi wa nne nakuja kukuchukua. Karakana tunafunga."

Aende Kihesa kufanya nini? Kukaa sebuleni kutazama televisheni asiyoisikia? "Bora mnizike na randa yangu!" alifoka, akaupigilia ule ubao ukutani ili auchukie vizuri. Lakini moyoni aliogopa, maana binti alikuwa na haki. Lile lori hakulisikia hata chembe.

Wazo lilitoka kwa Gloria, mtaalamu wa mifugo aliyekuja kumchanja Mtasema. Mtasema ni mbwa. Jina hilo alipewa na marehemu mke wa mzee, salamu kwa majirani wenye midomo. Gloria akaandika kwamba mbwa anaweza kufundishwa kumgusa mzee goti kila mara mtu akiita au gari likiingia. Akamwachia kidude cha plastiki cha kubonyeza, kinacholia "ta!" Mbwa akifanya sawasawa, bonyeza papo hapo, kisha mpe dagaa. Asipofanya, usimpe kitu. Halafu akaandika, "Fimbo weka mbali," akapiga mstari mara mbili.

"Mbwa ale dagaa, mimi nile majani ya maboga!" mzee alicheka. Hata hivyo akaanza.

Wiki nzima alibonyeza. Mtasema alikula dagaa, akajilamba, akapiga miayo, wala hakuelewa lolote. Siku ya nane uzalendo ukamshinda mzee, akanyanyua fimbo. Mbwa hakukimbia. Alijilaza chali pale pale, akajikojolea.

Mzee akabaki na fimbo yake juu, na aibu ikamshika, aibu ya kweli. Marehemu mkewe hakuwahi kumpiga yule mbwa hata kwa upande wa kanga. Akaitupa fimbo kwenye rundo la kuni, akaketi chini kwenye maranda, akasema, "Nisamehe, mwanangu."

Eliezeri alikuwa anachungulia. Akaja, akaokota kile kidude, akakibonyeza sikioni mwake, akaanza kucheka huku ameshika mbavu. Akaandika: "Mzee, hakilii. Kimejaa unga wa mbao."

Mungu wangu! Wiki nzima kiziwi anamlaumu mbwa kwa kutosikia kitu kisicholia! Mzee naye alicheka mpaka machozi yakamtoka. Wakakipuliza, wakakisugua kwa brashi, na safari hii alipobonyeza, kidole gumba kilishtuka. Tangu siku hiyo akakivaa shingoni, ndani ya shati, mbali na vumbi.

Siku mbili tu, Mtasema akajua kwamba "ta!" ikilia, dagaa iko njiani. Pua ikigusa goti, ta! Kisha Eliezeri akawa anasimama langoni na kuita, mbwa akikimbilia goti, ta! Baadaye wakaleta honi na muungurumo wa lori. Mbwa akikosea, mzee aligeuza uso tu, akangoja. Kalinga, angoje! Mtaa mzima ulishangaa.

Jumamosi ikafika. Anjela alikuja na begi tupu la kufungia nguo za baba yake. Mzee alikuwa amegeuzia lango mgongo, anapiga kiti msasa. Akahisi pua ya baridi gotini. Akageuka, akamwona binti yake amesimama langoni, mdomo wazi, begi limemdondoka.

"Kamwene, mwanangu!" Akabonyeza, akamrushia mbwa dagaa. "Unashangaa nini? Malori matatu yameingia wiki hii, na miguu yangu bado miwili. Muulize Eliezeri!"

Anjela hakumuuliza mtu. Alichukua penseli, akaandika pale pale kwenye kiti kilichopigwa msasa: "Miaka sita nakuita, hugeuki. Leo nimeita mara moja tu."

Mzee akasoma, akasoma tena. Akaenda ukutani, akaung'oa ule ubao wa mwezi wa tatu, akaulaza mezani, akamkabidhi binti randa. Anjela akaranda huku analia na kucheka, mpaka "tunafunga" ikaisha yote, ikaanguka chini na maranda mengine.

Mzee akaingiza mkono ndani ya shati, akabonyeza, ta! Akachagua dagaa kubwa kuliko zote, akampa binti yake. Anjela akaila.