Shemeji Hajaulizwa

Mama Vipimo alikwenda kwenye mafunzo ya siku mbili pale zahanati kwa sababu moja tu: mwaliko ulisema wanatakiwa watu wanaokutana na watu wengi. Na nani anakutana na watu wengi kuliko fundi wa nguo, tena fundi anayewashika kiuno? Akafunga cherehani, akakaa safu ya mbele, akauliza maswali mpaka nesi aliyekuwa akifundisha akaomba maji ya kunywa.

Nesi alifundisha mambo matatu. Ukiona mtu amebadilika, kama amekata tamaa, muulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Swali halimtii mtu wazo ambalo hakuwa nalo. Ukishauliza, nyamaza usikilize. Akikubali, usimwache peke yake, mlete hapa. Matatu tu, hata mtoto wa chekechea angeyashika. Mama Vipimo alishika la kwanza, nalo nusu. Ile "ukiona amebadilika" iliingilia sikio hili ikatokea lile, maana kichwani alikuwa tayari anapanga aanze na nani.

Alianza na mwalimu mkuu, Jumatatu asubuhi. Mwalimu mkuu alikuwa amesimama katikati ya chumba cha kushonea, mikono ameitandaza, anapimwa koti.

"Mwalimu, unafikiria kujiua?"

Mwalimu mkuu hakushusha mikono. Ukipimwa na Mama Vipimo hushushi mikono mpaka uruhusiwe.

"Hapana," alisema. "Kwani koti litachelewa?"

"Halichelewi. Vizuri." Akachukua daftari la vipimo akaandika: kifua 42, kiuno 40, mkono 25, hapana.

Ndiyo, aliandika. Siri za watu, kwenye daftari la vipimo, kati ya kiuno na urefu wa suruali. Nesi angeliona daftari lile angezimia. Lakini Mama Vipimo alikuwa na imani yake: kisichoandikwa kinashonwa kwa kubahatisha, na yeye hajawahi kubahatisha hata pindo la leso.

Basi wiki ikaenda, daftari likajaa. Alimuuliza mwuza nyama, hapana. Alimuuliza bwana harusi mbele ya mama mkwe mtarajiwa. Bwana harusi akasema jamani, si harusi ni Jumamosi hii, Mama Vipimo akamwambia ndiyo maana nauliza. Mama mkwe akanywea palepale, mpaka leo hajarudi na kile kitambaa chake. Alimuuliza hata mwuza maji aliyekosea mlango, ambaye hakuwa na nguo ya kushona wala haja ya kupimwa. Alimtandaza mikono kwanza, akapima, ndipo akauliza. Mwuza maji alisema hapana huku akirudi kinyumenyume.

Na tuseme mapema, ili mtu asije akalaumu baadaye: mtu wa kuulizwa alikuwepo. Alikuwa hatua nne kutoka kwake, kashika pasi.

Huyo ni Shemeji. Alikuwa mume wa mdogo wake Mama Vipimo, yule wa mwisho, aliyefariki miaka miwili iliyopita. Baada ya mazishi Mama Vipimo alimwambia njoo upige pasi kwangu, usikae nyumbani unatazama kuta. Akaja, na pasi akaiweza, na mdomo akauweza zaidi. Shemeji alikuwa anavunja watu mbavu kutoka asubuhi mpaka kufunga. Watu walikuja kuchukua suruali ambazo hazijaisha, wanajua hazijaisha, ilimradi wakae kwenye benchi wamsikilize. Mama Vipimo alicheka kuliko wote. Alipokuwa akicheka hakuwa akimkumbuka mdogo wake, na hilo, kusema kweli, ndilo lililomfanya acheke hivyo.

"Shemeji," yule wa pasi alimwambia Mama Vipimo siku ile ya mwuza maji, "kwa mwendo huu watu wataanza kuingia na jibu mkononi. Hapana mama, nimeleta tu zipu."

Benchi zima likaangua kicheko.

Mfanyakazi wa tatu mle ndani hakucheka, lakini yeye huwa hacheki kwa sababu wengine wamecheka. Kifungo alikuwa mtoto wa dada yao wa katikati, umri wake ishirini na mbili, kazi yake vifungo na matundu yake. Alikaa ameelekea ukutani, masikioni ameweka vizibo, kwa sababu kelele zilimwumiza, zinamwumiza kweli, si maringo. Daktari alishawaambia kwamba huyu si mgonjwa, ubongo wake umepangwa kivingine. Mama Vipimo alilielewa hilo kifundi: mtu ana mwili wake, unamshonea mwili wake. Kwa hiyo alimhamishia taa, akakataza watu kumgusa bega, na kazi ya vifungo ikawa haina mpinzani. Kasoro yake moja, ukimuuliza kitu anakujibu. Mteja mmoja aliwahi kulalamika suruali imebana, Kifungo akamwambia suruali haijabadilika, aliyebadilika ni wewe. Alikuwa sahihi, vipimo vipo, lakini ilibidi Mama Vipimo aombe radhi mpaka barabarani.

Alhamisi ya wiki ya tatu Shemeji alitoka kupeleka mashati kwa mwenyewe. Kifungo akatoa vizibo masikioni, jambo alilolifanya kwa nadra.

"Mama mkubwa, umeuliza watu arobaini na mmoja. Nimehesabu kwenye daftari wakati natafuta viuno. Baba mdogo hayumo."

"Baba yako mdogo? Yule kutwa anachekesha watu."

"Nimehamisha kifungo cha suruali yake mara tatu tangu shule zifunguliwe. Kila mara kinaingia ndani. Na kile kisa cha mbuzi na mwalimu amekisema siku kumi na moja. Zamani alikuwa anabadilisha mwisho. Siku hizi habadilishi."

Mama Vipimo aliweka mkasi mezani. Alitaka kubisha, lakini hata yeye, ukimbana, alikuwa amekicheka kile kisa siku zote kumi na moja bila kukisikiliza.

"Kama uliona yote hayo," alisema kwa ukali, "mbona hukumuuliza wewe?"

"Sikwenda kwenye mafunzo."

Haya. Mjibu huyo.

Kumuuliza mtu mmoja, kazi gani hiyo kwa mwanamke aliyemuuliza bwana harusi? Lakini Ijumaa nzima ilipita Mama Vipimo anamzunguka Shemeji, akifika karibu anageuza maneno.

"Shemeji, unafikiria..."

"Ee, shemeji?"

"Unafikiria mvua itanyesha?"

Baada ya saa moja akarudi. "Shemeji, hivi wewe unafikiria..."

"Nafikiria nini?"

"Kubadilisha waya wa hiyo pasi."

"Waya mzima, mvua sijui," alisema Shemeji. "Siku hizi unanihoji, sijui nimehamia redioni bila kuambiwa."

Akacheka, na yeye akacheka, halafu akaenda nyuma ya mapazia ya kujaribia nguo akasimama humo peke yake, mkono mdomoni. Aliogopa. Wale arobaini na mmoja aliwauliza kwa sababu alijua watasema hapana. Ilikuwa kama kuuliza hujambo. Huyu hakujua atasema nini. Na akisema ndiyo? Alishamzika mdogo wake. Mwanaume aliyekuwa anapiga pasi pale nje ndiye kipande cha mdogo wake kilichobaki, na yeye alikuwa anakigeuza kipande hicho kuwa kichekesho cha kutwa.

Jumamosi asubuhi benchi lilijaa wazazi waliofuata sare za shule. Si saa nzuri, si mahali pazuri, nesi angesema tafuta faragha. Lakini Mama Vipimo alijua akingoja saa nzuri atauliza habari za mvua mpaka mwaka uishe.

"Shemeji, njoo nikupime."

"Unanishonea nini?"

"Njoo."

Shemeji akaweka pasi, akaja, akatandaza mikono. Tepu ikazunguka kiuno. Ishirini na tisa. Mama Vipimo hakuhitaji kufungua daftari. Suti ya harusi ya Shemeji aliishona yeye mwenyewe, na kiuno kilikuwa thelathini na nne. Alipiga moyo konde.

"Shemeji, unafikiria kujiua?"

Alitaka itoke kama ilivyotoka kwa mwalimu mkuu. Ilitoka ndogo, imekatika katikati.

"Mimi?" alisema Shemeji. "Nikifa mimi, mashati ya mwalimu mkuu atayapiga pasi nani? Si atakwenda shule amekunjamana, watoto wadhani ni mtihani wameletewa umekunjwa."

Lo, watu walicheka. Na Mama Vipimo alicheka, tena kutoka tumboni, machozi yakamtoka, maana jibu lilikuwa limepatikana na halikuwa ndiyo. Mkono wake ulikuwa tayari umefika kwenye daftari.

"Hajajibu," alisema Kifungo.

Hakugeuka. Aliendelea kutazama ukuta, sindano mkononi.

"Umemuuliza. Yeye amesema habari za mashati. Hajajibu."

Mama Vipimo alimtazama Shemeji usoni, kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi, akaona uso umechoka, umechoka kabisa, na kile kicheko kimebaki juu yake hakina pa kwenda. Mikono yake ilikuwa bado imetandazwa.

"Ndiyo," alisema Shemeji. "Karibu kila asubuhi."

Mama Vipimo alikuwa na mengi ya kusema. Alikuwa na ya kumtia moyo, ya kumgombeza, na ya kumkumbusha. Yote yalimjia mdomoni kwa pamoja. Ndipo akakumbuka kulikuwa na jambo la pili kwenye yale mafunzo, na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, alinyamaza.

Mama mmoja kwenye benchi akainuka, akawagusa wenzake, wakatoka wote kimya kimya wakaegesha mlango. Mmoja akarudi kwa kunyata kuchukua mfuko wake. Mama Vipimo hakugeuka.

"Usiku nalala," alisema Shemeji. "Shida ni kuamka. Nikifika hapa naanza vichekesho hata kofia sijavua, maana nikinyamaza mtaniona." Akaitazama tepu kiunoni. "Naweza kushusha mikono?"

"Shusha, shemeji. Shusha."

Akaishusha, ndipo akalia, na Mama Vipimo akamshika, tepu ikiwa bado imemzunguka kiunoni. Kifungo alizima pasi, kwa sababu hakuna mwingine aliyekumbuka. Kisha akasema jambo la tatu ni zahanati, na usimwache peke yake, na kwamba Jumamosi wanafunga saa sita, kwa hiyo twendeni sasa. Alilijuaje? Alikuwa ameisoma ile karatasi ya mafunzo, iliyotumika tangu Jumatatu ile kufungia vifungo.

Wakaenda watatu. Zahanati ilikuwa na foleni ya mafua na vidonda. Wakakaa kwenye benchi, Shemeji katikati, Kifungo na vizibo vyake masikioni, akihesabu vigae vya sakafuni.

"Ulimuuliza mwuza maji," alisema Shemeji.

"Nilimuuliza."

"Alikuwa amekosea mlango."

"Ndiyo."

"Wiki ya kwanza nilisema, leo ataniuliza. Akitoka mteja nasema sasa ni mimi. Nikaandaa na jibu, shemeji, la kweli kabisa, nipo nalo hapa mdomoni. Halafu anaingia mwingine, unamtandaza mikono." Alikuwa akitazama viganja vyake. "Ulipomuuliza yule wa maji, nikajua kwangu hutafika."

Mama Vipimo hakutafuta pa kujifichia.

"Jibu lako nililiogopa," alisema. "Ya wale wengine sikuyaogopa."

Shemeji akatikisa kichwa polepole, si kwa kukataa. Mlango ukafunguliwa, nesi akatoa kichwa akauliza sasa ni nani. Mwenye mafua akaanza kuinuka, lakini Mama Vipimo alikuwa ameshasimama, amemshika Shemeji mkono.

"Ni huyu," alisema. "Alikuja kabla ya wote. Mimi ndiye niliyemchelewesha."