Wapagazi wa Ukutani

Mzee Dionis aliacha kwenda misa kwa sababu ya jina. Lilimfuata hadi kanisani, na kila akipita mtaa wa Mtendeni, utasikia, "Shikamoo, Mzee Vichwa-Chini!" na baraza zima linaangua kicheko.

Jina alilipewa na mtani wake Selemani, Mzaramo aliyekuwa akishona kanzu karibu na soko. Dionis alikuwa mlinzi wa kiwanda cha nta kule nje ya Chemchem, kando ya njia ya zamani ya misafara. Mwenye kiwanda alikwishaondoka kabla ya vita, asirudi. Alasiri moja jua kali lilimwingiza Dionis ndani, akafunga mlango, na ukutani akaona wapagazi wanatembea vichwa chini, na mizigo yao haianguki. Alifika mjini na kiatu kimoja.

"Nyinyi Wanyamwezi mmebeba mizigo kichwani mpaka bongo zimepinduka!" Selemani alimwambia. Na mtani hakasirikiwi, hata akikutania msibani. Dawa yake ni kumjibu, na Dionis jibu hakuwa nalo.

Binti yake Apolinaria naye hakuwa nalo, mpaka alipopata kazi ya kufagia na kuosha picha dukani kwa Bwana Humaidi. Siku moja bwana akamwambia achungulie chini ya kitambaa cheusi cha kamera. Kwenye kioo akamwona bibi harusi, miguu juu, kichwa chini. Apolinaria alirudi kwenye beseni lake akiuwaza ule ukuta wa kiwandani.

Alingoja masika yaishe, jua litulie, ndipo akaiomba ile kamera.

"Ya kupigia nini?"

"Kiwanda cha nta, bwana."

"Magofu hayana harusi, mwanangu."

"Yana baba yangu."

Humaidi akampa.

Dionis alikubali kwenda naye kwa shingo upande. Selemani hakualikwa, lakini alikuja, kanzu nyeupe pe, mwavuli juu. "Nimekuja kuwaokota mkitoka mbio!" akasema, lakini akabaki barabarani, mlangoni hakukaribia.

Ndani nta ilikuwa bado inanukia. Masufuria makubwa ya kuyeyushia yalikuwa yameliwa na kutu, popo wamejaa darini. Apolinaria aliokota mabonge ya nta sakafuni, akayalainisha viganjani, akaziba kila ufa wa mlango na madirisha. Aliacha tundu moja tu kwenye dirisha la barabarani, la kuingia kidole.

Giza likatanda. Kisha, polepole, ukuta ukaanza kupata rangi: mbingu chini, barabara juu, na watu wenye mizigo wakipita vichwa chini.

Dionis akamshika binti yake bega. "Ndio hao!"

"Ni watu wa Puge, baba, wanapeleka karanga sokoni. Mwanga unawaleta kwa tundu lile, unawapindua." Akaliziba kwa kidole; wakatoweka. Akakitoa, wakarudi. Dionis naye akaweka kidole chake. Akakitoa. Akaweka tena, akacheka peke yake.

Lakini mwanga ulikuwa hafifu, na wapita njia hawasimami. Picha ilitaka mtu wa kutulia muda mrefu. Apolinaria akapiga kelele kupitia tundu: "Baba Selemani! Kaa hapo hapo, usitikisike, tukikimbia utudake!"

"Sibanduki!" akajibu Selemani, akaketi juu ya jiwe chini ya mwavuli wake.

Dionis akasimama kando ya ukuta, wima, kama alivyosimama lindoni. Apolinaria akaielekeza kamera ukutani, akaifungua, akasali mafungu mawili ya rozari bila kuharakisha, akafunga.

Ijumaa picha ilitundikwa mlangoni kwa Humaidi. Dionis alionekana kama kivuli, lakini miguu yake iko chini na kofia iko kichwani. Pembeni yake, Selemani ananing'inia kama popo, kanzu nyeupe, mwavuli umejitandaza chini yake. Mtu mmoja akaigeuza picha ili Selemani akae sawa. Masufuria na Dionis wakaning'inia. Akairudisha upesi.

Humaidi akawaeleza habari ya tundu. Selemani akainama, akainamisha shingo, akajitazama.

Dionis akaja amevaa koti lake la Jumapili. "Habari za huko juu, mtani?"

Baraza likavunjika mbavu. Selemani mwenyewe alicheka mpaka akakaa chini. "Nimeshindwa, Mnyamwezi! Jina lichukueni, mnipe mimi!"

Wakampa, likamganda.

Jumapili Dionis alikwenda misa na binti yake. Walipita Mtendeni, ingawa njia ya mkato haipiti huko.