Mwanga Laini wa Ikola

Tangu saa nne asubuhi mzee Yotham alikuwa ameketi kwenye kigoda, mchangani kando ya ziwa, Ikola, amevaa koti lake la kanisani, akingoja kupigwa picha. Maisha yake yote hakuwahi kupigwa hata moja. Kesho lori lingempeleka hospitali Mpanda, na binti yake Matilda, aliyekuwa akigeuza dagaa hapo karibu, hakutaka kujidanganya kwamba atarudi. Alitaka abaki na sura ya baba yake.

Lakini Gelasius, mpiga picha aliyeletwa kijijini kwa ajili ya harusi, hakuwa mtu wa kupiga tu na kuondoka. Mwaka huo wa 1995 alikuwa amehudhuria semina ya siku tatu, na tangu hapo jua la kawaida halikumtosha. Harusini aliwafukuza hata wakwe wasiisogelee kamera, maana filamu ikiona mwanga imekufa.

"Mwanga huu mkali, dada," alisema. "Tusubiri ulainike."

Saa saba alilitazama ziwa kupitia vidole vyake. Likamuudhi, linang'aa mno. Saa tisa likapita wingu, akalisema nalo. Matilda, ambaye kila siku huutazama mwanga huohuo ili ajue kama dagaa watakauka, akagundua kwamba miaka yote hiyo alikuwa akiutazama kienyeji.

"Mpige tu, kaka. Baba amechoka."

"Imebaki picha moja. Unataka niiharibu?"

Hakutaka. Akampa baba yake uji.

Hatimaye jua likakaribia milima ya Zaire, ziwa likawa na rangi ya mawese, na uso wa mzee ukatulia, kila kunyanzi mahali pake. Matilda, pamoja na hasira zake zote, alikiri moyoni kwamba anapendeza. Gelasius akapiga goti, akabana pumzi, akabonyeza. Kamera ikagoma. Mtaalamu akaitikisa, akaigeuza, kisha, mbele ya jua lilelile alilolingoja kutwa nzima, akaifungua mgongoni achungulie kuna nini.

Mwanga laini ukaingia wote.

"Haya, sasa umelainika?" Matilda akamuuliza kwa sauti ya chini. Gelasius akaufunga mgongo wa kamera.

"Imetoka?" mzee akauliza.

Matilda alitamani kulia. "Imetoka, baba. Umependeza kweli."

"Basi nivue koti, mwanangu. Joto."

Akamvua polepole, kifungo kimoja kimoja, huku akimkazia macho usoni ili asisahau chochote.