Unga Chini ya Boriti ya Tatu

Ninaandika haya kwa wanaofagia, na kwa wazazi wenye watoto vyuoni. Hasa wale ambao mtoto akirudi nyumbani akasema "siku hizi tunafundishwa kwa vitendo," wanafurahi tu, hawaulizi vitendo gani, wala juu ya paa la nani. Mimi niliishia shule ya msingi. Mwandiko wangu ni mbaya. Lakini nilichokiona nimekiona, na sitaki mwingine akione akanyamaza.

Ninafagia chuo cha jamii cha hapa kwetu, huu mwaka wa kumi na moja. Wananiita Mama Funguo, maana funguo za karakana zote na stoo ya ngazi ninakaa nazo mimi. Binti yangu, wa pekee, anasoma umeme hapohapo. Nikifagia ukumbi wa darasa lao ananipita kama hanijui, akifika kona anageuka kuchungulia kama nimekasirika. Sikasiriki. Ni umri.

Mwaka huu chuo kikaamua kubadilika. Lile jenereta zee lililokuwa likikohoa nyuma ya jiko na kutupaka masizi likaambiwa lipumzike, umeme utoke kwenye jua. Taa zikabadilishwa, madirisha yakapanuliwa. Karakana ya useremala ina paa pana linalopigwa na jua tangu asubuhi, kwa hiyo ndilo lililochaguliwa kubeba paneli za sola, ishirini na nne. Kule hakuna dari. Ukiinua macho unaziona boriti saba zimelala kutoka ukuta huu hadi ule. Nazo zikapakwa rangi nyeupe, mara mbili, ili mwanga urudi chini na taa zile chache zitoshe. Pakawa peupe hasa. Nilifurahi mimi mwenyewe, maana kwenye giza ulikuwa unafagia kwa kubahatisha.

Chuo kikafunga wiki mbili. Siku ya kufunga niliipiga deki karakana mpaka sakafu ikawa baridi, nikafunga, ufunguo nikaenda nao nyumbani. Siku ya kufungua nikaingia peke yangu, kabla ya mtu yeyote. Sakafuni kulikuwa na unga.

Sasa nisikilizeni vizuri. Karakana ya seremala ina vumbi siku zote. Kuna maranda yanayojikunja, kuna unga wa msumeno unaokwaruza ukiupitisha vidoleni. Huo ninaujua kama ninavyojua chumvi. Huu ulikuwa mwingine. Laini, unateleza, rangi ya uji mwepesi. Na haukutawanyika. Ulikuwa vichuguu vidogovidogo vimepangana mstari, chini ya boriti ya tatu, na mstari mwingine chini ya nne. Wiki mbili hakuna msumeno uliolia mle ndani. Basi umetoka wapi? Nikainua uso. Boriti nyeupe, safi, zinang'aa kama meno ya mtu anayeomba kura.

Nikamwonyesha mwalimu wa useremala. Ni mtu mwema, lakini paa lile alilijenga yeye na wanafunzi wake wa kwanza, na ukiligusa paa umemgusa yeye.

"Mama Funguo," akaniambia, "umekuta vumbi kwa seremala ukashangaa. Kesho utakwenda kwa mvuvi useme umekuta samaki."

"Mwalimu, hili limeanguka kutoka juu."

"Vumbi lote huanguka kutoka juu, mama. Hukusoma?"

Wanafunzi wakacheka. Nami nikacheka kidogo, ili yaishe. Hilo ndilo kosa langu la kwanza, kucheka.

Nilifagia. Kesho yake asubuhi, unga tena, mahali palepale. Nikatandika maboksi chini ya boriti zote saba, asubuhi iliyofuata nikayapeleka yalivyo kwa mwalimu wa umeme, ambaye wanafunzi wanamwita Bwana Volti kwa jinsi anavyowaka haraka. Maboksi matano yalikuwa hayana kitu. Mawili yalikuwa na unga wa kujaza kiganja.

Akatazama, akafungua droo, akatoa karatasi yenye muhuri. "Jengo limekaguliwa. Mkaguzi amekuja, amepita, amesaini."

"Alikuja kabla ya rangi au baada?"

"Baada. Kwa nini?"

"Rangi imeficha matundu, mwalimu, yaliyobaki ni madogo hayaonekani kutoka chini. Wadudu wamo ndani wanakula, kwa nje tumewapakia poda."

Akanitazama kama mtu anayetafuta neno la heshima asilipate. "Mama yangu, kila mtu na kazi yake. Ijumaa wanafunzi kumi na wawili wanapanda kufunga fremu na paneli. Ni mtihani wao wa vitendo. Asiyepanda hana alama, asiye na alama hana cheti. Na binti yako ndiye kiongozi wa kundi. Hukujua?"

Sikujua.

Siku ile mchana nikamkalisha nimsuke, ajiandae na ile kofia ngumu ya kupandia paa. Nikamwambia kila kitu huku nimemshika kichwa, maana ukimshika kichwa hawezi kuondoka.

"Mama, tafadhali."

"Tafadhali nini? Paneli moja uzito wake ni nini?"

"Kama nusu mfuko wa saruji."

"Mara ishirini na nne. Na vyuma vya fremu. Na watu kumi na wawili na miguu yao. Vyote hivyo vitabebwa na nini?"

"Boriti. Mama, unavuta."

"Boriti zimeliwa."

Akajitoa mikononi mwangu, nusu ya kichwa imesukwa, nusu imesimama. "Unajua wavulana walisema nini nilipochaguliwa? Walisema huyu atapanda ngazi mbili aite mama. Sasa wewe unataka kuja mwenyewe kabla sijakuita. Mimi nitapanda. Nikianguka nimeanguka."

Alisema hivyo, mtoto niliyembeba. Nikamkalisha tena, nikammalizia nywele. Lakini moyoni nikasema, hupandi.

Ijumaa nilifika mapema kuliko siku zote. Ngazi ile ndefu hulala stoo imefungwa mnyororo na kufuli, na hakuna ngazi nyingine pale chuoni inayofika paa lile. Nikaitoa mpaka ndani ya karakana, nikaizungushia mnyororo kwenye mguu wa meza ya chuma, nikafunga. Ufunguo nikautia kifuani. Halafu nikakaa juu ya ngazi.

Wakaja. Wanafunzi na ovaroli zao, kofia za manjano, binti yangu mbele. Aliponiona alisimama kama aliyegonga kioo.

"Mama Funguo, tupishe," akasema Bwana Volti.

"Sipishi."

"Ufunguo uko wapi?"

"Ninao." Nikajipiga kifuani.

"Lete."

"Siutoi."

Mwanafunzi mmoja akanong'ona, "Uko kifuani, nani ataufuata," wenzake wakaangua kicheko. Binti yangu hakucheka. Alikuwa anatazama viatu vyake.

Wakamwita mkuu wa chuo. Alikuja na koti lake, na sauti ile ya mikutano. Akaniuliza kama ninajua ninachokifanya. Nikamwambia ninakijua. Akaniuliza kama ninajua kwamba wafadhili wa mradi wanakuja Jumatatu kuona paneli zinawaka.

"Waje," nikasema. "Watakuta watoto wazima."

"Kazi unaitaka?"

"Naitaka sana, mkuu. Ninamsomesha huyo hapo. Ila nikichagua kati ya kazi na yeye, hunipi mtihani mgumu."

"Paa hili ni zima," akasema mwalimu wa useremala kutoka nyuma. Sauti yake ilikuwa imeumia. "Nimelijenga kwa mikono yangu. Huyu mama ananidhalilisha mbele ya wanafunzi wangu."

"Mwalimu, sikusema ulijenga vibaya. Nimesema limeliwa. Hata mtu aliyezaliwa mzima huugua." Nikawageukia wote. "Sina maneno mengi. Pale kuna bisibisi. Mmoja wenu apande juu ya meza, achome boriti ya tatu. Ikigoma, nawapa ufunguo, nawaomba radhi, na kesho mnitafutie mbadala. Ikiingia, hapandi mtu."

Hakuna aliyesogea. Mkuu alitazama koti lake. Bwana Volti alisema hawezi kubishana na mfagiaji kwa bisibisi, mkaguzi amesaini. Mwalimu wa useremala alikunja mikono, akageuza uso. Pale nikaelewa kwamba hawakuwa wakorofi. Waliogopa tu kujua. Kujua kunaleta kazi.

"Nipeni mimi," akasema binti yangu.

Alinyakua bisibisi ile ndefu mezani. Macho yalikuwa mekundu, akanipita bila kunitazama. "Nitachoma, igome, halafu utatoka hapo, mama. Utatoka uende nyumbani."

"Sawa."

Akapanda juu ya meza, akapanda na kabati lililoegemea ukuta, akaifikia boriti karibu na inapoingia ukutani. Akarudisha mkono, akachoma kwa hasira zake zote alizokuwa nazo juu yangu.

Haikutoa sauti ya mbao. Ilitoa sauti kama ya kuchoma mkate uliokauka. Bisibisi iliingia mpaka kwenye mpini, na mkono wake ukagonga boriti. Rangi ikapasuka kama ganda la yai, unga ukamwagika usoni, kwenye kofia, kwenye ovaroli.

Akakohoa. Akaichomoa, akachoma pembeni. Ikaingia. Akachoma tena mbele. Ikaingia. Sasa hakuwa anachoma kwa ajili yangu, alikuwa anatafuta mahali pagumu, hata mahali pamoja tu, na hakupata. Akasogea kwenye boriti ya nne. Kipande cha urefu wa mkono kikabanduka kikaanguka sakafuni, na hakikuwa na uzito wa kuanguka. Ndani kilikuwa vyumba vyumba, kama sega.



Mwalimu wa useremala alikuja akakiokota. Akakibonyeza kwa kidole gumba, kidole kikazama. "Ningewapandisha," akasema. Hakuwa anamwambia mtu. Alisema tena, "Ningewapandisha mimi mwenyewe."

Binti yangu alishuka akiwa mweupe kama aliyetoka kusaga unga. Alikuja akakaa kwenye ngazi, pembeni yangu. Hakuomba msamaha, wala sikuutaka. Alisema, "Boriti ya tatu ndiyo tuliyopangiwa kufunga kamba za usalama."

Bwana Volti alisikia. Akavua kofia, akatoka nje, akarudi baada ya muda akasema paneli zitafungwa chini, kwenye fremu za chuma, katika ule uwanja wa nyuma ya jiko, na mtihani utafanyika hukohuko. Zilifungwa. Siku mbili walizichimbia mashimo na kumwaga zege, na binti yangu ndiye aliyeunganisha nyaya za mwisho. Jumatatu wageni walikuja, wakapiga picha, wakaambiwa kwamba chuo kimeamua kuziweka chini ili ziwe rahisi kufutwa vumbi. Nilikuwepo, nimeshika ufagio. Nilisikia.

Jumatano nikaitwa ofisini. Mkuu akanisogezea barua. Onyo la kwanza na la mwisho, kwa kukaidi amri ya uongozi mbele ya wanafunzi. Mahali pa kusaini pamewekewa alama ya msalaba ili nisipotee.

"Ni utaratibu tu," akasema. "Saini, yaishe. Kila mtu anajua ulikuwa na haki."

Nikaisoma, kwa kidole, mstari kwa mstari. Nilichukua muda wangu. Nikamwuliza, "Unga umeandikwa wapi?"

"Unga gani?"

"Ule wa boriti. Humu imeandikwa nilikaa juu ya ngazi. Haikuandikwa kwa nini. Atakayenifuata kwenye ufagio huu akiisoma, atajifunza kwamba ukiona kitu kinaanguka kutoka juu, fagia unyamaze."

"Mama, usiniletee mambo. Usiposaini, nalazimika kuandika kwamba umekataa."

"Andika," nikasema. "Andika nimekataa. Halafu chini yake andika boriti mbili. Ukishaandika hizo boriti, niite, nitakuja nisaini na kalamu yangu."

Nikairudisha barua upande wake wa meza, nikasimama. Karakana ilikuwa inanisubiri, mafundi walikuwa wanashusha bati na kulikuwa na uchafu wa siku nzima. Mpaka leo hajaniita, na mpaka leo sijasaini. Ninafagia kama kawaida. Kila asubuhi, kabla ufagio haujagusa sakafu, ninasimama mlangoni kwanza nitazame, na wewe unayesoma haya fanya hivyohivyo, hata wakikucheka.